Kifaa kidogo mtoni, ujumbe wa kuaminika ofisini: jinsi ya kutuma vipimo kwa usalama

Mto Sabaki unapofurika, maji hayo huwa hayakuanzia Magarini. Yametoka mbali. Mto Athi huanza katika nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita Ukambani, hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha huingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi kwa jina la Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Mvua ikinyesha kule juu, kuna muda kabla ya maji kuufikia uwanda wa chini, na muda huo unatosha kuhamisha mifugo, kuokoa magunia ya mahindi na kuwatoa wazee na watoto, mradi habari itangulie maji. Wakazi waliolazimika kuhama katika mafuriko ya mwaka 2018, na tena katika mvua za El Niño mwishoni mwa mwaka 2023, hawahitaji kuelezwa thamani ya saa chache.

Siku hizi habari hiyo inaweza kubebwa na kifaa kinachotosha kiganjani. Chini ya daraja hufungwa kipimo kinachotuma mawimbi ya sauti hadi kwenye maji na kuhesabu muda yanaochukua kurudi. Kipimo hicho huunganishwa na kompyuta ndogo sana yenye betri, paneli ya sola na laini ya simu. Kila baada ya dakika 15 skripti fupi iliyomo ndani huamka, husoma kina cha maji na kutuma nambari hiyo kwa seva ya ofisi inayohusika. Kifaa cha namna hiyo hiyo kinaweza kuwekwa juu ya tangi la kioski cha maji Ganze, kwenye mita ya maji ya nyumbani, au kwenye kipimamvua katika uwanja wa shule. Sehemu zake hazina bei kubwa, na kijana aliyesoma elektroniki anaweza kuiunganisha kwa siku chache.

Pwani ya Kilifi si ngeni kwa kazi ya kupokea nambari kutoka mbali. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Enzi hizo kuzungumza na chombo cha mbali kulitaka antena kubwa na jopo la wataalamu. Leo kunataka bando la data na mistari michache ya programu. Wepesi huo ndio umezaa tatizo linaloelezwa hapa. Ofisi inayopokea nambari itajuaje kwamba haikuchezewa njiani? Na kifaa chenyewe, kikiwa peke yake chini ya daraja usiku, kitajuaje kwamba kinazungumza na ofisi na si na mtu mwingine?

Bahasha iliyofungwa na jina la mpokeaji

Ombi la wavuti linalotumwa kwa njia ya kawaida, yaani HTTP, ni kama karatasi isiyokunjwa aliyopewa makanga wa matatu ya Malindi aifikishe Mombasa. Kila inapopita mtu anaweza kuisoma, na mwenye kalamu anaweza kubadilisha tarakimu. HTTPS hutumia utaratibu unaoitwa TLS, ambao hufanya kazi tatu. Kwanza, huficha maandishi yasisomeke njiani. Pili, hufanya mabadiliko yoyote yagundulike. Tatu, humtambulisha aliye upande wa pili.

Kazi ya tatu ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo mbili za mwanzo hazina maana kubwa. Bahasha inaweza kufungwa kwa lakiri bora kuliko zote, lakini ikikabidhiwa kwa mtu asiyestahili, ataifungua mwenyewe kwa sababu ndiye aliyepewa. Mtumiaji wa M-Pesa anaielewa hali hii vizuri. Fedha husafiri salama, hakuna anayezinasa hewani, lakini anayethibitisha bila kusoma jina la mpokeaji anaweza kuzituma salama salimini kwa mtu asiyemjua.

Katika TLS, jina la mpokeaji husomwa kwenye cheti. Kifaa kinapopiga hodi, seva hukionyesha cheti chenye jina la tovuti, tarehe ya kuanza kutumika, tarehe ya kwisha, ufunguo wa wazi wa seva, na sahihi ya mamlaka iliyokitoa. Sahihi hiyo hukaguliwa kwa kutumia cheti cha mzizi cha mamlaka yenyewe, ambacho kifaa kinapaswa kuwa nacho tangu mwanzo. Simu ya mkononi hununuliwa ikiwa na vyeti vya mizizi zaidi ya mia moja ndani yake, ndiyo maana mwenye simu hajawahi kusumbuliwa na jambo hili. Kifaa kidogo cha mtoni mara nyingi hakina hata kimoja. Aliyekitengeneza ndiye anayepaswa kukiweka.

Mistari inayozima ulinzi

Hapa kuna tofauti ambayo watengenezaji wengi wachanga hawaambiwi. Kompyuta ndogo zinazotumia Linux, mfano Raspberry Pi, hukagua cheti zenyewe. Programu ya curl hukagua, na maktaba ya requests ya Python hukagua pia. Kwenye mashine hizo ulinzi hupotea mtu anapouzima kwa mkono wake: anaongeza -k kwenye amri ya curl, au anaandika verify=False kwenye skripti.

Kwenye vifaa vidogo zaidi, vile vya jamii ya ESP32 au Raspberry Pi Pico W, hali ni kinyume. MicroPython, lugha iliyoanzishwa na Damien George mwaka 2013 ili Python iweze kuendeshwa ndani ya kumbukumbu ndogo, ina maktaba yake ya requests yenye jina sawa na ile kubwa. Maktaba hiyo hufungua HTTPS bila kukagua cheti. Anwani inaanza na https, ujumbe umefichwa, jibu linarudi bila hitilafu, lakini kifaa hakikuuliza hata mara moja kinaongea na nani. Ili kiulize, mtengenezaji hana budi kuandaa mazingira ya TLS mwenyewe: apakie cheti cha mzizi, adai ukaguzi kwa CERT_REQUIRED, na ataje jina la seva linalotarajiwa. Wanaotumia Arduino kwenye ESP32 wana amri mbili za kuchagua. Moja, setCACert, hupokea cheti cha mzizi. Nyingine, setInsecure, hufanya kile hasa ambacho jina lake linasema.

Amri hiyo ya pili haiandikwi kwa nia mbaya. Mtengenezaji anajaribu kifaa mezani, anapata ujumbe kwamba cheti hakikubaliki, anatafuta suluhisho, anakuta mstari mmoja, anaubandika, kifaa kinafanya kazi. Anakusudia kurudi kuurekebisha. Kisha kifaa kinapelekwa mtoni na mstari ule unakwenda nacho.

Madhara yake si ya nadharia. Kifaa kikiwa kwenye Wi-Fi ya shule au zahanati, mtu anayejua nenosiri la pale anaweza kuwasha mtandao wenye jina na nenosiri lilelile kwenye simu yake, akakaa karibu, na kifaa kikajiunga naye. Kwenye laini ya simu kazi ni ngumu zaidi, lakini haijashindikana, kwa kuwa mtandao wa 2G uliundwa bila kuudai mnara ujithibitishe kwa simu. Akiisha kuingia katikati, mtu huyo hupokea kila ombi pamoja na nenosiri la kifaa lililomo ndani. Tangu hapo anaweza kuiambia seva kwamba Sabaki iko chini wakati inapanda, au kwamba imefurika siku ya jua kali. Tahadhari ya uongo nayo ina gharama yake: familia zikihama bure mara mbili, mara ya tatu hazitahama.

Saa isiyojua mwaka

Tatizo linalofuata huwashangaza hata waliofanya mengine yote sawasawa. Cheti kina tarehe mbili, na kifaa hakiwezi kuzikagua bila kujua leo ni tarehe ngapi. Kompyuta hizi ndogo nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika, ESP32 yenye MicroPython huamka ikiamini ni tarehe 1 Januari 2000. Kwa mtazamo wake, kila cheti duniani bado hakijaanza kutumika, na ikiwa inakagua vizuri itavikataa vyote. Wapo wanaodhani seva imeharibika. Wapo wanaorudi kwenye setInsecure.

Dawa ni kuipa saa kabla ya ombi la kwanza. Njia rahisi ni kuuliza wakati kupitia huduma ya NTP ya mtandaoni, jambo linalochukua sekunde moja au mbili. Njia hiyo yenyewe haina sahihi, kwa hivyo anayetaka uhakika zaidi huongeza saa ndogo kama DS3231, yenye betri ya duara kama ya saa ya mkononi. Saa hiyo hupotea takriban dakika moja tu kwa mwaka mzima, na kwa kazi ya kukagua vyeti hiyo ni zaidi ya kutosha. Skripti nzuri huzitumia zote mbili: huamini betri, hujirekebisha kwa NTP, na hukataa rekebisho linaloirudisha nyuma miaka. Kwa kifaa cha Pwani, saa hiyo na nyaya zake ziwekwe ndani ya kisanduku kisichopitisha unyevu. Chumvi ya bahari hula viunganishi upesi kuliko mtu anavyotarajia, na saa iliyoshika kutu hurudi mwaka 2000 kama isiyokuwepo.

Cheti gani kiwekwe

Swali hili limewahi kujibiwa vibaya duniani kote kwa wakati mmoja. Let's Encrypt ni mamlaka isiyo ya kibiashara iliyoanza kutoa vyeti vya bure kwa umma mwaka 2015, na tovuti nyingi sana huitegemea. Mwanzoni vyeti vyake vilitambuliwa kupitia cheti cha mzizi cha zamani kilichoitwa DST Root CA X3. Cheti hicho kilikwisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Siku hiyo simu za zamani, vifaa vya nyumbani na mitambo ambayo haikuwa imesasishwa ilianza kukataa seva ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kilichochakaa ni orodha iliyokuwa ndani ya vifaa.

Cheti cha mzizi kilichochukua nafasi hiyo, ISRG Root X1, kinaishia tarehe 4 Juni 2035. Hiyo ni mbali kuliko umri wa vifaa vingi vitakavyofungwa mtoni mwaka huu, lakini si busara kutegemea mzizi mmoja, kwa sababu ofisi inaweza kubadilisha mtoaji wa vyeti wakati wowote. Mizizi miwili au mitatu haichukui nafasi kubwa. La muhimu zaidi ni kuwepo njia ya kukipa kifaa programu mpya kutoka mbali, nayo iwe imetiwa sahihi, la sivyo mlango wa kukarabatia ndio utakaotumiwa na mwizi.

Kosa la kawaida ni kuweka cheti cha seva yenyewe badala ya cheti cha mzizi, au kunakili alama yake ya utambulisho na kuibandika kwenye skripti. Mwanzoni hufanya kazi na huonekana salama zaidi. Lakini cheti cha kawaida cha Let's Encrypt hudumu siku 90. Kikibadilishwa, kifaa hukataa kipya na kunyamaza. Na muda unazidi kupunguzwa: mnamo Aprili 2025 watoaji wa vyeti na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana kushusha ukomo kutoka siku 398 hadi 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, na 47 kuanzia Machi 2029. Kikundi kilichofunga kifaa mwezi wa Februari na kubandika cheti cha seva kitajikuta bila kipimo mvua za masika zikiwa zimekolea.

Bando, kumbukumbu na laini ya simu

Wengine huepuka HTTPS wakidai inamaliza bando. Hesabu yenyewe si ya kutisha. Kupiga hodi na kuonyeshana vyeti hutumia kilobaiti chache. Zikichukuliwa kuwa 6, kifaa kinachotuma kila dakika 15 hutuma mara 96 kwa siku, yaani kilobaiti 576, au takriban megabaiti 17 kwa mwezi. Kikikusanya vipimo na kutuma kila saa, hushuka hadi megabaiti 4 na kidogo. Skripti inaweza pia kuamua yenyewe: kiangazi itume kwa saa, na maji yakianza kupanda kwa kasi itume kila baada ya dakika 5.

Kumbukumbu ndiyo hoja yenye uzito. Kipande kimoja cha ujumbe wa TLS kinaweza kufikia kilobaiti 16, na ESP8266 ya zamani ina takriban kilobaiti 80 tu za kufanyia kazi. Inawezekana, ila kwa kubanabana. ESP32 ina 520, na Pico W iliyotoka mwaka 2022 ina 264. Kwa mradi mpya wa umma hakuna sababu ya kuanza na kile kidogo kuliko vyote ili kuokoa shilingi mia chache.

Moduli za zamani za laini ya simu zinataka uangalifu wa pekee. Baadhi hutoa TLS yao wenyewe, lakini kwa matoleo 1.0 au 1.1, ambayo yalitangazwa rasmi kuwa hayafai tena mwezi Machi 2021. Seva iliyosimamiwa vizuri huyakataa. Anayenunua aulize kama moduli inafanya TLS 1.2 au 1.3, au aache moduli isafirishe data tu na kazi ya TLS ifanywe na kichakataji cha kifaa.

Kifaa kinaweza kuibwa

TLS hulinda njia. Haikilindi kifaa kilichofungwa kwa waya kwenye nguzo ya daraja. Atakayeking'oa anaweza kusoma kilichomo, likiwemo nenosiri kinalotumia kujitambulisha kwa seva. Kwa hivyo kila kifaa kipewe nenosiri lake pekee, si moja kwa vifaa vyote, ili kilichoibwa kifutwe peke yake na vingine viendelee. Nenosiri hilo liruhusu kuandika kipimo cha mahali pake tu, lisiweze kusoma rekodi za vingine. Seva nayo iwe na akili ya kukataa nambari isiyowezekana, kwa mfano mto uliopanda mita 9 kwa dakika 5.

Tena, ukaguzi wa cheti ukishindikana, skripti isijaribu kutuma kwa HTTP ya kawaida. Ihifadhi kipimo na ijaribu tena baadaye. Hii ina maana kwamba kifaa salama kitakuwa na nyakati za kunyamaza, na ofisi inayopokea haina budi kuuchukulia ukimya kama habari. Kipimo cha Sabaki kikikosekana kwa nusu saa wakati wa mvua, mtu apigiwe simu, na mwangalizi aliye karibu na mto aende kutazama kwa macho. Hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya mwangalizi huyo.

Mita za nyumbani ziko chini ya sheria

Kina cha mto si siri ya mtu. Mita ya maji ya nyumba ni jambo jingine, kwa kuwa matumizi ya saa kwa saa huonyesha lini watu wako nyumbani na lini hawako. Taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo humtaka anayezishika kuchukua hatua za kiufundi za kuzilinda. Zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu kugundulika. Kamati ya maji inayopokea mita za msaada inafaa kumuuliza mfadhili, kabla ya kutia sahihi, vipimo vinakwenda kwenye seva ya nani na kwa njia gani.

Jaribio la kukataa

Vifaa vingi hupokelewa baada ya jaribio moja: kimetuma, nambari imeonekana, watu wamepiga makofi. Jaribio hilo halionyeshi chochote kuhusu usalama, kwa maana kifaa chenye setInsecure kingelifaulu pia. Anayekabidhiwa kifaa ataka kukiona kikikataa. Tovuti ya badssl.com iliwekwa kwa kazi hiyo hasa. Anwani expired.badssl.com ina cheti kilichokwisha muda, wrong.host.badssl.com ina cheti cha jina jingine, na self-signed.badssl.com ina cheti kilichojitia sahihi chenyewe. Skripti ielekezwe kwenye kila moja kwa zamu, na mara zote tatu ishindwe kuunganika. Kisha saa ya kifaa irudishwe mwaka 2000 huku NTP imezimwa, na kielekezwe kwenye seva halisi: hapo pia kikatae. Mwishoni kirudishiwe saa sahihi, nacho kitume. Zoezi zima halizidi nusu saa, na linafaa kufanywa mezani mbele ya wote kabla ya kifaa kupandishwa gari kwenda mtoni.